Baraza Lisilo na Rungu

Januari 1999, wajumbe wa serikali kutoka pande zote za dunia walikusanyika Nairobi kwa duru ya pili ya mazungumzo ya mkataba wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mama mmoja kutoka Kuujjuaq, kijiji cha Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu, kaskazini mwa jimbo la Quebec, Canada. Anaitwa Sheila Watt-Cloutier. Hakuwa balozi wala waziri. Alikuja kwa niaba ya jumuiya ya Wainuiti, na alibeba sanamu ya jiwe iliyochongwa kwao: mama wa Kiinuiti na mtoto wake. Akamkabidhi Klaus Töpfer, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP. Tangu siku hiyo sanamu ile ikawa inawekwa kwenye meza ya mwenyekiti wa mazungumzo, John Buccini, duru baada ya duru, hadi maandishi ya mkataba yalipokamilika Johannesburg, Desemba 2000.

Ukifungua habari za Aktiki, eneo linalozunguka Ncha ya Kaskazini, siku hizi utakutana na nyambizi, meli za kuvunja barafu, na Rais wa Marekani anayesema wazi kwamba anaitaka Greenland. Hayo yote ni kweli na yana uzito wake. Lakini yamefunika habari nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuijua, maana sehemu yake ilitokea kwetu na sehemu yake inatugusa hadi leo. Ni habari ya Baraza la Aktiki, chombo cha nchi nane ambacho hakijawahi kupewa rungu, na bado kazi yake ilichangia kubadili sheria za dunia nzima. Kwa maoni yangu nguvu ya baraza lile ilitoka mahali pawili tu: kupima kwa pamoja, na kuwaketisha wenyeji mezani. Vita vya Ukraine vilipopamba moto, serikali zilikata mapema mno kile kilichopaswa kukatwa mwisho kabisa.

Turudi kwa yule mama wa jiwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa afya wa Quebec walikuwa wakipima sumu katika maziwa ya akina mama wa kusini mwa jimbo, kwenye miji na viwanda. Walihitaji kundi la kulinganisha, watu wanaoishi mbali na moshi na mabomba ya majitaka, wakachukua sampuli kwa akina mama wa Nunavik, nchi ya Wainuiti. Walitarajia maziwa safi. Walichokuta ni kiwango cha PCB, kemikali zilizokuwa zikitumika sana kwenye mafuta ya transfoma, takriban mara tano ya kile cha akina mama wa kusini. Nunavik hakuna kiwanda cha PCB. Hakuna hata shamba la kunyunyiziwa dawa.

Sumu zile zilikuwa zimesafiri. Kemikali za namna hiyo zikipata joto hugeuka mvuke, zikapeperushwa na upepo, zikatua penye ubaridi, zikainuka tena jua likichomoza, zikatua mbele zaidi. Wanasayansi huufananisha mwendo huo na mruko wa panzi. Zikifika Aktiki hazina tena joto la kuziinua, basi zinabaki. Kisha huingia kwenye mafuta ya viumbe. Kijiumbe cha baharini kisichoonekana kwa macho kinaliwa na samaki mdogo, samaki mdogo na mkubwa, mkubwa na sili, na nyangumi, na kila mlaji hurithi sumu ya wote aliowala. Juu ya ngazi hiyo anakaa binadamu anayekula sili na nyangumi kwa sababu ndicho chakula cha nchi yake, ndicho alichoachiwa na babu zake, na kile cha dukani huletwa kwa ndege kwa bei inayoumiza. Na juu ya binadamu huyo yupo mmoja zaidi, mtoto anayenyonya.

Habari kama hii ingeweza kubaki kwenye kabati la hospitali moja. Haikubaki, na sababu yake inaanzia mbali kidogo. Oktoba 1987 Mikhail Gorbachev alihutubia Murmansk, mji ulio jirani na kambi za nyambizi za nyuklia za Kisovieti, akasema anataka Aktiki iwe eneo la amani na nchi za huko zishirikiane kulinda mazingira. Finland ikaidaka kauli hiyo kabla haijapoa. Mwaka 1991, katika mji wa Rovaniemi, nchi nane zikakubaliana mkakati wa pamoja wa mazingira, na chini yake kikaundwa kikundi cha wanasayansi cha upimaji na tathmini kinachojulikana kwa kifupi AMAP. Tarehe 19 Septemba 1996, mjini Ottawa, nchi zilezile zikaanzisha Baraza la Aktiki: Canada, Denmark pamoja na Greenland na visiwa vya Faroe, Finland, Iceland, Norway, Sweden, Urusi na Marekani.

Azimio la Ottawa ni kurasa chache. Halikuunda chombo chenye mamlaka ya kisheria. Baraza haliwezi kumtoza mtu faini wala kumburuta mahakamani, na kila uamuzi unahitaji kauli moja ya nchi zote nane. Sekretarieti ya kudumu haikupatikana hadi 2013, pale Tromsø, Norway. Ipo pia tanbihi moja maarufu, kwamba baraza lisijishughulishe na mambo ya usalama wa kijeshi. Wachambuzi wengi wamelicheka kwa hayo. Mimi naona walikosea mahali pa kutazama. Kwa kuwa hapakuwa na adhabu ya kuogopa, serikali ziliwaachia wanasayansi wao waweke takwimu mezani bila kuzipunguza makali. Kwa kuwa mizinga ilikuwa imekatazwa mlangoni, majenerali hawakuwa na la kufanya mle ndani. Mrusi na Mmarekani walipima zebaki kwenye samaki kwa kipimo kimoja, wakaandika ripoti moja, wakatia majina yao chini. Anayejua jinsi nchi zinavyoficha takwimu za mto mmoja tu unaopita mpakani ataelewa ugumu wa jambo hilo.

Halafu kuna viti sita. Pamoja na nchi nane, mezani hukaa jumuiya sita za wenyeji zinazoitwa washiriki wa kudumu: ya Wainuiti, ya Wasami, ya Waaleuti, ya Waathabaska, ya Wagwich'in, na ile ya watu asilia wa kaskazini mwa Urusi iitwayo RAIPON. Hawapigi kura. Lakini azimio linataka washauriwe kikamilifu kabla ya uamuzi, na wanakaa meza ileile na mawaziri, wakiomba kusema wanasema. Wenyewe hawaoni kwamba hiyo inatosha, na wana haki: azimio hilohilo linasema idadi yao lazima siku zote iwe pungufu ya idadi ya nchi. Hata hivyo, nitajie baraza jingine la nchi na nchi ambamo mfugaji wa kulungu wa kaskazini (reindeer) hukaa ubavuni mwa waziri wa mambo ya nje wa dola kubwa, si kwenye viti vya wageni waalikwa. Sijaliona.

Thamani ya viti hivyo ilionekana Nairobi. Kemikali zilizolengwa na mkataba zilikuwa 12, na DDT ilikuwa mojawapo. Kwa mtu wa Aktiki DDT ilikuwa sumu iliyomo ndani ya maziwa ya mama. Kwa mtu wa pwani ya Kenya, wa Kagera au wa KwaZulu-Natal, DDT ilikuwa dawa ya ukutani inayoua mbu wa malaria. Afrika Kusini iliiacha mwaka 1996, malaria ikapanda vibaya, ikairudisha mwaka 2000, wakati mazungumzo yakiwa bado yanaendelea. Kulikuwa na mashirika ya mazingira ya nchi tajiri yaliyotaka DDT ikome kabisa kwa tarehe maalumu, na kulikuwa na madaktari wa malaria waliowajibu kwa hasira kwamba tarehe hiyo ni hukumu ya kifo kwa watoto wa Kiafrika. Mjadala ulielekea kuwa ugomvi wa mama wa kaskazini na mama wa kusini.

Aliyekataa ugomvi huo ni Watt-Cloutier. Alieleza kwamba Wainuiti hawatakuwa sehemu ya makubaliano yanayolinda watoto wao kwa kuhatarisha watoto wa wengine. Kwamba hakuna mama anayepaswa kuogopa maziwa yake mwenyewe, wala mama anayepaswa kulazimika kutumia sumu hiyohiyo ili mwanawe asife kwa homa. Kauli hiyo isingekuwa na uzito uleule kinywani mwa mjumbe wa serikali ya Ulaya. Ilikuwa na uzito kwa sababu aliyeitoa ndiye aliyekuwa na sumu mwilini. Mkataba wa Stockholm, uliotiwa saini Mei 2001 na kuanza kutumika Mei 2004, ukaiweka DDT kwenye orodha ya pekee: imezuiwa, lakini nchi zinazoihitaji kupambana na wadudu waenezao maradhi zinaruhusiwa kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Katika utangulizi wa mkataba huo Aktiki na watu wake wanatajwa wazi, na ushahidi wa AMAP ndio uliowafikisha hapo.

Miaka kumi na mbili baadaye mambo yakajirudia kwa zebaki. Wapimaji wa Aktiki walikuwa wameonyesha kwamba zebaki inayoingia kwenye nyama ya nyangumi na damu ya akina mama wa kaskazini inatoka zaidi nje ya Aktiki, na Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani Oktoba 2013, nao ukaitaja Aktiki katika utangulizi wake. Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha kwa Kiswahili. Tathmini ya UNEP ya 2018 ilionyesha kwamba chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayorushwa hewani na binadamu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, takriban asilimia 38. Maana yake ni Amazoni, ni Afrika Magharibi, ni Geita, Chunya na Migori. Kijana anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye bati, pembeni ya makarasha, moshi ukimpiga usoni, hajui kwamba anaanza safari ya maelfu ya kilomita. Sehemu kubwa ya sumu hiyo humwingia yeye kwanza, na mkewe, na mtoto anayecheza mwaloni. Inayobaki hupaa. Simlaumu kijana huyo. Nasema tu kwamba mama wa Kuujjuaq na mama wa Geita wana mgogoro mmoja, na aliyegundua upande wa pili wa mgogoro wao ni kundi la wapimaji wa baraza lisilo na rungu.

Nisilipambe baraza kupita kiasi. Upande wa mazingira lilisikika. Upande wa maendeleo limekuwa na sauti hafifu, na nchi wanachama zimezoea kuketi Tromsø asubuhi na kusaini vibali vya mafuta jioni. Urusi ilianza kusafirisha kwa meli gesi ya kimiminika ya rasi ya Yamal Desemba 2017. Marekani iliidhinisha mradi wa mafuta wa Willow huko Alaska Machi 2023. Norway ilianza kuvuna mafuta ya eneo la Johan Castberg, katika Bahari ya Barents, Machi 2025. Na hata nishati safi si safi kwa kila mtu: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Norway iliamua kwamba mitambo ya upepo ya Fosen ilijengwa kwa kukiuka haki za Wasami wanaofuga kulungu pale. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Siku 500 baada ya hukumu, vijana wa Kisami walikuwa wamekaa sakafuni kwenye ofisi za serikali mjini Oslo wakidai hukumu itekelezwe, na miezi michache tu baadaye, Mei 2023, Norway hiyohiyo ikachukua uenyekiti wa Baraza la Aktiki. Kumpa mtu kiti mezani ni jambo moja, kumwachia malisho yake ni jingine.

Ufa wa kwanza wa kisiasa ulionekana Rovaniemi, mji uleule wa 1991. Mei 2019 mawaziri walikutana pale na kwa mara ya kwanza tangu baraza lianzishwe wakaondoka bila tamko la pamoja, kwa sababu Marekani ilikataa maneno kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Fikiria hilo: baraza la Aktiki, mahali ambapo joto limepanda karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979, linashindwa kuandika neno tabianchi. Lakini hata hapo vikundi kazi viliendelea. Mawaziri walinuniana, wapimaji wakarudi maabara.

Kilichovunja mgongo ni Februari 2022. Urusi iliivamia Ukraine ikiwa ndiyo mwenyekiti wa baraza. Tarehe 3 Machi nchi saba zilizobaki zikatangaza kwamba hazitakwenda Urusi kwa mikutano na kwamba zinasimamisha kwa muda ushiriki wao katika mikutano yote ya baraza na vyombo vyake. Sina ugomvi na nusu ya kwanza ya uamuzi huo. Huwezi kwenda kupigwa picha na kunywa chai na serikali inayobomoa miji ya jirani yake. Ugomvi wangu ni na maneno ya mwisho, *na vyombo vyake*. Maneno hayo yaliwafagia pamoja waziri anayetetea vita na mtaalamu anayesoma kipimajoto kwenye kinamasi cha Siberia. Na yalitolewa na serikali saba peke yake. Majina ya washiriki wa kudumu sita hayamo kwenye tamko lile. Baraza lililojivunia kuwaketisha wenyeji lilifungwa kwa tangazo la serikali.

Wenyeji ndio walioachiwa maumivu. Jumuiya ya Wainuiti ina watu wake Chukotka, ng'ambo ya mlango-bahari wa Bering, ndugu wa damu wa Wainuiti wa Alaska. Wasami wanaishi katika nchi nne, na mojawapo ni Urusi; Aprili 2022 Baraza la Wasami likalazimika kusimamisha uhusiano rasmi na vyama vya Wasami wa upande wa Urusi. RAIPON, ambayo serikali ya Urusi iliwahi kuifunga kwa miezi kadhaa kati ya 2012 na 2013, uongozi wake ulitoka hadharani kuunga mkono vita. Mwenyeji aliyepewa kiti anaweza kunyang'anywa sauti akiwa bado amekikalia, na hapo hakuna azimio linaloweza kumsaidia.

Sasa tazama ramani. Urusi ina takriban nusu ya pwani yote ya Bahari ya Aktiki na sehemu kubwa ya ardhi ile inayokaa imeganda mwaka hadi mwaka. Ndani ya ardhi iliyoganda ya kaskazini kuna kaboni inayokadiriwa kuwa karibu mara mbili ya ile iliyomo angani. Inapoyeyuka inatoa gesi, na ni kiasi gani inatoa ni moja ya maswali makubwa katika hesabu za tabianchi, pamoja na zile zinazotumiwa kukadiria mvua zetu. Januari 2024 jarida la *Nature Climate Change* lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukiondoa vituo vya Urusi kwenye mtandao wa vituo vya utafiti vya Aktiki, picha inayobaki inapotoka: vituo vilivyosalia haviwakilishi eneo zima, na upotofu huo kwa baadhi ya vigezo unakaribia ukubwa wa mabadiliko yanayotarajiwa kufikia mwisho wa karne. Nikiliweka kwa lugha ya nyumbani, ni kama kupima homa ya mgonjwa kwa kushika mguu mmoja.

Wapo watakaosema hapakuwa na njia nyingine, huwezi kushirikiana nusunusu na nchi iliyo vitani. Wawaulize Wanorway. Tangu katikati ya miaka ya 1970 Norway na Urusi zina tume ya pamoja inayogawana samaki wa Bahari ya Barents, wakiwamo chewa wa bahari baridi ambao ndio kundi kubwa zaidi la aina yao duniani. Tume hiyo iliendelea wakati wa vita baridi, na imeendelea baada ya 2022. Kila mwaka wanakaa, kwa njia ya mtandao ikibidi, wanakubaliana kiwango cha kuvua, na wakiona samaki wamepungua wanakipunguza: kwa mwaka 2025 walishusha hadi tani 340,000, chini kabisa tangu 1991. Norway haikuona aibu kufanya hivyo huku ikiipa Ukraine silaha na fedha, kwa sababu ilijua tume ikivunjika chewa wataisha. Tume ya samaki ilinusurika kwa kuwa hasara yake ingeonekana sokoni mwaka uleule. Vipimo vya ardhi iliyoganda vikipotea hakuna muuzaji anayelalamika. Hasara yake itaonekana baada ya miaka thelathini, mahali pengine, kwa watu wasiokuwamo kwenye chumba.

Haki itendeke: baraza halikuzikwa. Juni 2022 nchi saba zilianza tena miradi isiyohusisha Urusi. Agosti 2023, chini ya Norway, wote nane walikubaliana vikundi kazi vifanye maamuzi kwa kuandikiana, na Februari 2024 mikutano ya vikundi hivyo kwa njia ya mtandao ikaruhusiwa, Warusi wakiwamo. Norway ilifanya kazi ya subira pale, kazi isiyo na shangwe, ya kushona kamba uzi kwa uzi. Lakini kuandikiana si kwenda pamoja uwandani. Sampuli ya udongo haitumwi kwa barua pepe.

Na sisi? Watu wa Lamu, Pemba na Rufiji wana sababu ya kifizikia kabisa ya kujali barafu ya Greenland, na inahitaji maelezo kidogo kwa sababu inapingana na akili ya kawaida. Barafu ile ni nzito mno hivi kwamba huivuta bahari iliyo jirani nayo, kama mwezi unavyovuta maji yakajaa na kupwa. Inapoyeyuka, mvuto hupungua, maji yaliyokuwa yamejikusanya karibu nayo huondoka kwenda mbali. Hivyo usawa wa bahari karibu na Greenland hushuka, na huku mbali, kwenye nchi za tropiki, hupanda zaidi ya wastani wa dunia. Greenland imepoteza kwa wastani takriban tani bilioni 270 za barafu kila mwaka tangu satelaiti za kupima mvuto zirushwe mwaka 2002. Mvuvi wa Nuuk, mji mkuu wa Greenland, anaweza kuona maji yakishuka gatini kwake huku mkulima wa mpunga wa delta ya Rufiji akionja chumvi kwenye jaruba. Anayetaka kujua ukuta wa bahari wa Pangani au wa Lamu ujengwe kwa kimo gani hawezi kupata jibu bila kujua kinachoendelea Greenland.

Baraza lina nchi 13 zisizo za Aktiki zenye hadhi ya mwangalizi. China, India, Japani, Korea Kusini, Italia na Singapore ziliingia pamoja mwaka 2013, kwenye mkutano wa Kiruna, Sweden. Singapore iko takriban digrii moja tu kutoka ikweta. Ilikwenda kwa sababu ni nchi ya bandari na inaogopa bahari, ikapeleka watu wake wakae na kusikiliza. Ya Afrika hakuna hata moja. Sidai Kenya au Tanzania zikaombe uangalizi kesho, kwani mwangalizi hutazamiwa kuchangia wataalamu na fedha, nasi tuna hospitali za kujenga. Lakini mlango wa karibu zaidi uko Nairobi. UNEP yenyewe ni mwangalizi wa Baraza la Aktiki tangu miaka yake ya mwanzo, na makao makuu yake ni Gigiri. Baraza lake la mazingira hukutana hapohapo, nchi zetu zikiwa na kura kamili.

Kuanzia Mei 2025 uenyekiti wa Baraza la Aktiki uko kwa Ufalme wa Denmark hadi 2027, na wakati wa kukabidhiana kiti kilichukuliwa na Vivian Motzfeldt, aliyekuwa wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Greenland, si na mtu wa Copenhagen. Mwana wa nchi ya Wainuiti akashika uongozi wa meza ya nchi nane, katika mwaka uleule ambao nchi moja kati ya hizo nane ilitaka kuimiliki nchi yake. Katika vipaumbele vya uenyekiti huo wenyeji wametajwa mwanzoni. Wajumbe wetu wa Gigiri wangeweza kuanzia hapo. Wapeleke azimio fupi linaloitaka UNEP ieleze, kila mkutano, ni vituo vingapi vya Aktiki vinavyotoa takwimu, vingapi vimenyamaza, na vya nani. Waombe pia matokeo ya zebaki ya AMAP yatafsiriwe kwa Kiswahili na kupelekwa mialoni Geita, yakiambatana na picha ya sanamu ile ya mama na mtoto wake.